Kiyoyozi katika Nyumba ya Kukodi: Gharama Yake ni Juu ya Nani?



Yaliletwa katika darsa yetu mas'ala ambayo mwanzoni tuliyaona madogo, na baadhi yetu wakatabasamu walipoyasikia. Lakini tulipoyachungua tuliona kuwa yamebeba mambo mawili makubwa: haki ya mtu katika mali yake, na udugu wa watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila siku na sasa kila mmoja ampitia mwenzake kama hamjui. Kwa hivyo tumeona yafaa tuyaandike, ili yule ambaye hayajamfika ajihadhari nayo, na yule yaliyomfika apate njia ya kutokea.

Mas'ala yenyewe ni haya. Katika mji wetu wa Mombasa yuko mama mmoja mjane, aliyeachiwa na marehemu mumewe nyumba moja katika jengo la ghorofa. Hana pato jingine ila kodi ya nyumba hiyo. Aliikodisha kwa mtu mwenye mke na watoto, na pamoja nao baba yake mzee aliyepooza upande mmoja wa mwili. Katika nyumba hiyo mlikuwa na viyoyozi viwili, navyo vilikuwa vikifanya kazi siku mpangaji alipoingia. Bali hivyo ndivyo vilivyomfanya akubali kodi iliyo juu kuliko ya nyumba za jirani, kwa ajili ya yule mzee asiyeweza kushuka barazani kutafuta upepo.

Mkataba wao ulikuwa karatasi moja: jina la huyu na jina la huyu, kiasi cha kodi, kiasi cha fedha za dhamana, na tarehe ya kulipa. Juu ya viyoyozi halikuandikwa hata neno moja.

Mwaka wa kwanza ukapita salama. Mwaka wa pili, katika joto la kaskazi, kiyoyozi cha chumba cha mzee kikaanza kutiririsha maji ukutani, kisha kikawa hakipozi. Mpangaji akaita fundi. Fundi akaongeza gesi, akalipwa, akenda zake. Baada ya miezi miwili hali ikarudi ile ile, na fundi akaongeza gesi mara ya pili. Mara ya tatu kikanyamaza kabisa. Fundi mwingine alipokitazama alisema kompresa imekufa. Mpangaji akanunua nyingine, akaitia, na mwisho wa mwezi akapeleka kodi pungufu pamoja na risiti zake.

Mama akamwambia: "Mwanangu, mimi nilikupa nyumba nzima na viyoyozi vizima. Umevitumia wewe usiku na mchana, leo waniletea mimi hesabu?"

Naye akajibu: "Mama, kiyoyozi ni chako. Mimi nikihama sitakibeba begani."

Mwezi ule mama alikopa ili amlipie mjukuu wake ada ya shule. Na mpangaji alipohama, mama akazizuia fedha za dhamana zote. Huyu akasema amedhulumiwa, na huyu akasema amedhulumiwa, na kila mmoja yu tayari kuapa. Je, mwenye haki ni nani?

KWANZA TUKIFAHAMU KITU CHENYEWE

Wanavyuoni wametufundisha kuwa mtu hawezi kukitolea hukumu kitu asichokifahamu. Na sisi wengi wetu hatukifahamu kiyoyozi, kwa kuwa hatukukikuta kwa wazee wetu. Wao walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene na dari ndefu za boriti, na katikati ya nyumba wakaacha kiwanda cha kuingiza upepo. Nyumba ilijipoza yenyewe. Sisi leo twakaa katika majengo ya saruji yenye kuta nyembamba, yaliyopandana ghorofa juu ya ghorofa, na jua la kaskazi likizipiga kuta hizo tangu asubuhi hata magharibi. Basi kiyoyozi kwa mgonjwa, kwa mzee na kwa mtoto mchanga si anasa tupu kama wadhanivyo wengine.

Mashine hii, kwa sura yake ya kisasa, ilianza mwaka 1902, pale Willis Carrier alipoitengenezea nyumba ya kupiga chapa huko Brooklyn, New York. Makusudio hayakuwa kumburudisha mtu. Yalikuwa kuuondoa unyevu wa hewa uliokuwa ukiyavimbisha makaratasi na kuharibu rangi. Na mpaka leo kazi yake ni hiyo pamoja na ya pili: kuitoa hari ya ndani na kuipeleka nje, na kuyakusanya maji yaliyomo katika hewa.

Viyoyozi vya majumbani mwetu vina sehemu mbili. Sehemu ya ndani ina chujio la kushika vumbi, mabomba ya shaba yenye vipande vyembamba vya alumini, panka, na sinia ya kukinga maji pamoja na mpira wa kuyatoa nje. Sehemu ya nje ina kompresa, nayo ndiyo moyo wa mashine, na mabomba mengine, na panka kubwa. Baina ya sehemu mbili hizi gesi huzunguka katika njia iliyofungwa. Ikiwa ndani huchukua hari ya chumba, ikiwa nje huitua hari hiyo, kisha hurudi.

Katika maelezo haya mna mambo manne ambayo hukumu yote imesimama juu yake, nasi twaomba msomaji ayashike.

La kwanza, chujio hujaa vumbi kwa sababu ya matumizi ya kila siku. Huvuliwa kwa mkono, huoshwa kwa maji, hukaushwa kivulini na kurudishwa. Hapana haja ya fundi wala ya gharama. Lakini likiachwa likaziba, hewa haipiti, mabomba ya ndani hushika barafu, na kompresa hutaabika mpaka hufa kabla ya wakati wake.

La pili, sinia na mpira wa maji hufanya ukungu na utelezi. Vikiziba, maji hukosa njia na hushuka ukutani. Hili ni jambo la usafi, nalo huondoshwa na fundi katika ule usafishaji wa wakati kwa wakati ambao mafundi wenyewe huuita sevisi.

La tatu, na hili ndilo ambalo watu wengi hawalijui, gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumiwa. Haifanani na petroli ya gari wala mafuta ya taa. Gesi iliyotiwa kiwandani yapasa kuzunguka humo miaka yote ya mashine hiyo. Ikipungua, basi imevuja. Na kama imevuja, pana tundu. Fundi aongezaye gesi bila ya kulitafuta tundu ni kama mtu ajazaye maji katika mtungi uliotoboka, kisha akadai ujira wa kuteka. Tena kompresa hupozwa na gesi hiyo hiyo inayoirudia. Ikifanya kazi na gesi chache hupata moto na kuungua.

La nne, sisi twakaa pwani. Upepo wa bahari huja na chumvi, nayo huila shaba na alumini ya sehemu ya nje hata kama mpangaji hakukigusa kiyoyozi. Hilo ni tendo la mahali na la muda, wala si kosa la mtu.

WANAVYUONI WAMESEMA NINI

Huenda mtu akasema: Vitabu vya fiqhi viliandikwa kabla ya kupatikana umeme, vitatuambia nini juu ya kiyoyozi? Nasi twamwambia: Ndugu, soma kabla ya kukata tamaa.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, amelitaja katika kitabu chake cha Minhaj jambo la nyumba ya kukodisha. Ameeleza kuwa kumkabidhi mpangaji ufunguo ni juu ya mwenye nyumba, na kuitengeneza nyumba ikiharibika ni juu ya mwenye nyumba vile vile. Akifanya haraka akatengeneza, mambo yamekwisha. Asipofanya, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba.

Kisha akaleta mfano ambao sisi watu wa pwani huusoma na kuupita, kwa kuwa hautuhusu: mfano wa theluji. Huko Sham alikokaa Imamu huanguka theluji. Akasema kuwa kuiondoa theluji ya juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, lakini kuusafisha ua wa nyumba, theluji yake na taka zake, ni kazi ya mpangaji.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mfano huu ulivyo na hikima. Theluji ni ile ile moja, na imeanguka usiku mmoja, wala hapana aliyeileta. Kwa nini basi hukumu zikawa mbili? Kwa sababu theluji ya paani huliangamiza jengo lenyewe kwa uzito wake, na jengo ni mali ya mwenyewe. Ama theluji ya uani hailiangamizi jengo. Humzuia mkaaji tu asistarehe na kupita kwake, na mkaaji ni mpangaji. Basi tusiulize "Uharibifu umetokea mikononi mwa nani?" bali tuulize, "Je, jambo hili ni la kukihifadhi kitu chenyewe, au ni la usafi wa kukitumia?"

Tukikipima kiyoyozi kwa mizani hii, mambo hujipanga yenyewe. Kompresa, mabomba yaliyoliwa na chumvi, gesi iliyovuja, panka iliyoungua na nyaya zake: hiyo ni theluji ya paani. Kuosha chujio, kusafisha sinia na mpira wa maji, kupiga maji mabomba yaliyoshika vumbi: hiyo ni theluji ya uani. Ya kwanza ni juu ya mwenye nyumba. Ya pili, muda mpangaji akaapo, ni juu ya mpangaji. Isipokuwa usafishaji wa mara ya kwanza, kabla mpangaji hajaingia, huo twauona kuwa ni juu ya mwenye nyumba, kwa kuwa yampasa aikabidhi nyumba ikiwa tayari kwa manufaa yaliyokubaliwa.

Huenda mwenye nyumba akasema: "Mimi nimekodisha nyumba, sikukodisha kiyoyozi, na nyumba yakalika bila ya kiyoyozi." Twamjibu: Maneno haya yangalikuwa ya haki lau ungalisema hivyo siku ya kwanza, na kodi ukaiweka sawa na ya jirani yako asiye na kiyoyozi. Ama kukitia katika bei siku ya kukodisha, kisha ukakitoa katika nyumba siku ya kuharibika, huko ni kula pande mbili.

Na huenda mpangaji akasema: "Ikiwa matengenezo ni juu yake, basi mimi nitatengeneza nitakavyo na nitakata katika kodi." Twamjibu naye: La, si hivyo. Kuwa jambo ni juu ya mwenzako hakukupi ruhusa ya kutia mkono katika mali yake bila ya idhini. Atengenezaye mali ya mtu bila ya kuambiwa, katika hukumu huhesabiwa kuwa amejitolea. Kwanza mpe habari. Akikuruhusu, tengeneza na udai. Akikataa au akinyamaza, haki yako ni ile hiari aliyoitaja Imamu: kuuvunja mkataba na kuhama, au kubaki hali ya kuwa umeridhika na upungufu.

Tena lijulikane jambo hili: mpangaji ni mwaminiwa katika mali aliyokabidhiwa. Kikiharibika kitu mkononi mwake bila ya kuvuka mpaka na bila ya uzembe, halipi. Lakini akizembea, analipa. Aliyekaa mwaka mzima bila ya kuliosha chujio mpaka likawa kama blanketi hawezi kusema "Mimi ni mwaminiwa tu." Uaminifu ni kutunza, si kukaa na kutazama.

SHARTI LISILO NA MPAKA

Siku hizi twaona katika mikataba ya mawakala sharti hili: mpangaji atalipia matengenezo yote ya viyoyozi, ya namna yoyote, muda wote atakaokaa. Watu hutia saini bila ya kusoma, kwa haja ya nyumba.

Sharti hili lina kasoro kubwa. Katika ijara, ujira sharti ujulikane. Na Imamu Nawawi, katika kitabu hicho hicho, ametaja kuwa haisihi kukodisha kitu kwa ujira wa kukitengeneza au, kama ni mnyama, wa kumlisha, kwa sababu hapana ajuaye kiasi chake. Tuseme mtu amekodi nyumba kwa shilingi 40,000 kwa mwezi, na juu yake matengenezo yote. Je, amekodi kwa kiasi gani? Kompresa ikisalimika ni 40,000. Ikifa, Mungu ajuaye. Huyu hakufanya mkataba wa nyumba; amecheza bahati na sibu na chumvi ya bahari.

Wala hili si rai ya vitabu vya kale peke yake. Taasisi ya AAOIFI iliyoko Bahrain, ambayo huweka vipimo vya kisharia kwa mabenki ya Kiislamu, imeeleza katika kipimo chake nambari 9 kuhusu ijara kuwa mwenye mali hawezi kumshurutisha mpangaji matengenezo makubwa yanayohitajika ili kitu kibaki na manufaa yake. Ama matengenezo ya kawaida, ya wakati kwa wakati, hayo huwa juu ya mpangaji. Hii ndiyo theluji ile ile ya Imamu Nawawi, imekuja kwa nguo nyingine.

Njia iliyo safi ni kukifanya kisichojulikana kijulikane. Na hapa hapana haya kujifunza kwa wengine. Huko Singapore, ambako joto na unyevu ni wa mwaka mzima na viyoyozi vimeenea majumbani, mikataba mingi huandika wazi kuwa mpangaji atasafishisha viyoyozi kila baada ya miezi 3 kwa gharama yake na aziweke risiti. Hiyo ni kazi inayojulikana, kwa idadi inayojulikana, na bei yake yaweza kuulizwa kabla ya kutia saini. Mpangaji huingia akijua atakalolipa.

NA SHERIA YA NCHI?

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika vifungu vyake vya 65 na 66, huingiza ndani ya mikataba ya kukodisha ahadi fulani za pande mbili. Juu ya mwenye nyumba: nyumba ya kukaa iwe yafaa kukaliwa na binadamu siku inapotolewa, na kama iliyokodishwa ni sehemu tu ya jengo, basi paa, kuta kuu, mifereji mikuu na mapito ya pamoja ayaweke katika hali njema. Juu ya mpangaji: alipe kodi, aitunze nyumba, na airudishe kama alivyoipokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida.

Msomaji ataona kuwa maana yake haiko mbali na tuliyoyataja. Lakini kiyoyozi hakikutajwa humo kwa jina. Kwa hivyo mkataba ulionyamaza utawapeleka watu kwenye mabishano, na mabishano kwenye mawakili, na wakili mmoja huenda akala zaidi ya bei ya kompresa mbili.

TULIVYOWAAMUA

Tuliwaita yule mama na yule mpangaji, kila mmoja na mtu wake, tukawasikiliza. Tukamwita na fundi wa pili, kwa kuwa katika mambo kama haya shahidi ni mwenye ujuzi.

Mpangaji tulimwuliza: "Chujio uliliosha lini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli: hakujua kuwa huvuliwa. Tukamwambia kuwa yale maji ya ukutani yalikuwa ya uchafu, na usafishaji wake ni juu yake.

Fundi akasema kuwa lile bomba la nje, karibu na kiungo chake, lilikuwa limeliwa na chumvi, na gesi ilikuwa ikitokea hapo tangu mwanzo. Tukamwambia mama: "Hili ni la paani, nalo ni lako." Lakini mpangaji hakumpa mama habari hata mara moja, si katika gesi ya kwanza wala ya pili wala katika kompresa. Lau angalimwambia, huenda tundu lingalizibwa kwa gharama ndogo na kompresa ingalisalimika. Na kodi aliikata kwa mkono wake mwenyewe, na hilo halikuwa haki yake.

Mama naye tukamwambia kuwa fedha za dhamana ni amana. Huzuiliwa kwa kodi iliyobaki au kwa uharibifu wa uzembe, kwa kiasi chake tu. Hazizuiliwi zote kwa sababu ya hasira. Na ile kompresa mpya imo nyumbani mwake, na mpangaji ajaye ataikuta.

Kufa kwa kompresa, fundi alisema, kulitokana na mambo mawili pamoja: gesi chache na chujio lililoziba. Basi tukawaomba wasuluhiane, na suluhu ni bora. Wakakubaliana hivi: usafishaji na gesi mbili ziwe juu ya mpangaji, kwa kuwa alizilipia pasina kutoa habari, bei ya kompresa waigawe nusu kwa nusu, na mama atoe katika fedha za dhamana kile kilichomstahiki, kisha arudishe zilizobaki. Hesabu ikafanywa mbele yetu, fedha zikahesabiwa, na karatasi ikaandikwa.

Mama alipokuwa akiondoka alimwuliza yule mpangaji: "Baba yako hajambo?" Akajibu: "Hajambo, mama. Husema maji ya ukutani aliyaona yeye kwanza." Wakacheka. Na sisi tukaona kuwa maneno hayo mafupi yalikuwa na faida zaidi kuliko yote tuliyoyasema siku hiyo.

YATUPASAYO

Ndugu zetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayotufundisha kuandikiana madeni. Na Suratul Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Lakini sisi tuna desturi ya kuona haya kuandikiana, twasema "sisi ni jamaa, sisi ni jirani, twaaminiana." Kisha twaja kugombana kwa lile lile tuliloona haya kuliandika! Aliyeandika hakumtuhumu mwenzake. Amemhifadhi mwenzake asije akadhaniwa vibaya. Basi twashauri haya:

1. Kabla ya kuingia, mwenye nyumba asafishishe viyoyozi, kisha wote wawili waviwashe na kuvitazama. Wapige picha kwa simu, na waandike katika mkataba idadi yake na hali yake.

2. Iandikwe wazi: usafishaji wa kawaida ni wa mpangaji, mara kadhaa zilizotajwa kwa mwaka, uharibifu wa mashine yenyewe ni wa mwenye nyumba, isipokuwa uliotokana na uzembe. Na kama mwenye nyumba apendelea kulipia yote, aongeze katika kodi kiasi kinachojulikana.

3. Mpangaji alioshe chujio kila baada ya wiki 2, au isipungue mara moja kwa mwezi. Na fundi aitwe angalau mara 2 kwa mwaka: mwezi wa Novemba kabla ya joto la kaskazi, na mwezi wa Aprili linapokwisha. Risiti ziwekwe.

4. Fundi akisema "gesi imepungua," aambiwe: "Imetokea wapi?" Asiongeze mpaka alitafute tundu. Na hapo mpangaji amjulishe mwenye nyumba siku ile ile, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Na mwenye nyumba asikawie kujibu, kwani kunyamaza kwake ni joto juu ya mwenziwe.

5. Anunuaye mashine kuukuu aulize ni ya gesi gani. Gesi iitwayo R-22 inaondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zimewekewa mwaka 2030 kuwa mwisho wake, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mashine ya leo iliyo rahisi huenda kesho ikakosa gesi, na hasara hiyo asitupiwe mpangaji.

6. Fundi alipwe ujira wake papo hapo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na fundi aliyetoka juu ya bati saa saba mchana, jasho lake lajulikana. Naye fundi amche Mungu, asiuze gesi pale penye haja ya kuziba.

Nyumba ni amana baina ya watu wawili: mmoja ameitoa kwa haja ya kodi, na mmoja ameichukua kwa haja ya stara. Kila mmoja akiijua theluji yake, ya paani na ya uani, hapatakuwa na haja ya kuapa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kheri, na atupatanishe sisi na majirani zetu. Wallahu aalam.